Leseni ya Marehemu

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, Mama Mizani aliifuta mizani yake kwa kitambaa kibichi. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kumpunja mtu hata chembe ya sukari. Upande wa kushoto wa duka aliuza sukari, unga na sabuni. Upande wa kulia, nyuma ya wavu wa chuma, zilipangwa bia na chupa za mvinyo. Juu ya wavu ilining'inia leseni ya kuuza vileo. Ilikuwa na jina la mumewe.

Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita.

Mtaa mzima ulilijua hilo. Halmashauri haikulijua. Kila mwaka, siku za kuhuisha leseni zilipofika, Mama Mizani alijaza fomu kwa jina la mumewe, akaiga na sahihi yake, pamoja na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Hakuona kosa. Duka aliliacha mume, leseni ni ya duka, basi mambo yakae vilevile. Na tuseme kweli, kuliandika jina jingine aliona ni kama kumzika mara ya pili.

Alasiri moja aliingia mwanamume mwenye kitambulisho shingoni na jalada kwapani. Alikuwa afisa leseni wa halmashauri. Alisalimia vizuri, akaisoma karatasi ya ukutani, akaomba kumwona mwenye leseni.

"Amesafiri," Mama Mizani akasema.

Neno lilimponyoka. Afisa akauliza anarudi lini, naye akajibu Jumatatu. Nje barazani, wanaume watatu walikuwa wamekalia kreti tupu, chupa mkononi. Mmoja wao, kinyozi, rafiki mkubwa wa marehemu, alipaliwa mpaka bia ikampanda puani.

"Basi nitarudi Jumatatu, mama," afisa akasema. "Nikimkosa, upande huu wa wavu nitaufunga."

Alipoondoka, kinyozi alichungulia ndani. "Shemeji, huyo wa Jumatatu utamtoa wapi?"

Wenzake walicheka. Mama Mizani hakucheka. Upande wa kulia ndio uliolibeba duka. Sukari na sabuni peke yake zisingemfikisha popote, na mabinti wake wawili walikuwa bado shule.

Katika chumba cha pili kutoka dukani kwake alishonea Bi Mhuri. Mama huyu alikuwa karani wa halmashauri miaka kumi na minane, kisha akastaafu, sasa anashona sare za shule. Jina lake lilitokana na tabia ya kupiga meza kwa ngumi kila anapomaliza jambo, kama anayegonga mhuri. Mama Mizani alikaa katikati ya vipande vya vitambaa, akamweleza yote. Cherehani ikasimama.

"Yaani umeiambia serikali maiti kasafiri?"

"Nilishindwa tu kusema amekufa, dada."

"Mdogo wangu," Bi Mhuri akasema, sauti imelainika, "kutoka safari hiyo hakuna anayerudi Jumatatu."

Ndipo akamfafanulia. Leseni ya vileo si kama nyumba au shamba, kwamba warithi watagawana. Halmashauri humpa mtu fulani, kwa mahali fulani, baada ya kumchunguza. Mtu huyo akifa, au akiuza duka, au akihamia jengo jingine, ofisi lazima ijue. Anayetaka kuendelea huomba upya kwa jina lake. Kila halmashauri ina utaratibu wake, akasema, ndiyo maana mtu huenda kuuliza kwanza.

"Lakini bia ni bia, dada. Kuna tofauti gani nikiuza mimi au yeye?"

"Sukari haimtoi mtu akili akaingia chini ya gari. Bia inaweza. Kwa hiyo wanataka jina la mtu aliye hai, wa kuulizwa. Nani kamuuzia mtoto? Nani kapitisha saa za kufunga? Wewe umewapa jina la mtu ambaye wakimtaka waende makaburini." Ngumi ikatua mezani.

Mama Mizani aliuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu zile sahihi.

"Hizo ndizo mbaya kuliko yote. Usingoje Jumatatu. Nenda kesho ukaseme mwenyewe. Beba cheti cha kifo na kitambulisho chako."

"Wataniweka ndani?"

"Sijui. Najua ukienda mwenyewe watakusikiliza."

Kesho yake alikwenda. Alisimama mbele ya meza ya afisa. Tangu msiba, hajawahi kumwambia mgeni neno lile. "Mume wangu hakusafiri," akasema. "Alikufa. Sahihi za miaka miwili ni zangu."

Afisa alimsogezea kiti, akamwacha afute machozi. Kisha akamweleza bila kumficha. Atapewa onyo kali la maandishi. Leseni ile haifanyi kazi tena, na upande wa vileo ufungwe siku hiyohiyo. Lakini anaweza kuomba kwa jina lake, na kamati ya leseni itamsikiliza.

Tangazo la ombi lilibandikwa mlangoni kwa wiki tatu, ili majirani waseme wanaloliona. Mama Mizani hakuwa na wasiwasi. Nani amwekee pingamizi yeye? Aliyemwekea alikuwa mwalimu wa chekechea, ng'ambo ya barabara. Mama Mizani aliumia. Siku kadhaa alimpita mwalimu bila salamu.

Mbele ya kamati, mwalimu alisimama akasema hana ugomvi na mama huyu. Ugomvi wake ni na baraza. Wanaume wakikaa pale na chupa, watoto hushindwa kupita, hushuka barabarani, wakatembea katikati ya magari. Mwenyekiti akafungua jalada. Leseni ya zamani iliruhusu kuuza vileo vya kwenda navyo nyumbani. Kunywea pale haikuruhusu hata siku moja.

Mama Mizani aligeuka kumtazama mwalimu. Miaka yote alikaa nyuma ya kaunta, akiona migongo ya wanywaji tu. "Sikuwaona watoto," akasema. "Kreti nitaziondoa leo."

Wiki iliyofuata alipewa leseni, yenye jina lake. Masharti yake aliyabandika pembeni: hakuna kunywea dukani wala barazani, saa za kufunga zifuatwe, mwenye sura ya ujana aonyeshe kitambulisho.

Siku ya kwanza ya kufungua wavu, kinyozi alinunua chupa yake. Hakuona kreti. Akakaa kwenye ngazi, akatoa kifungulio mfukoni.

"Si hapo, shemeji."

"Ah, mwenyewe angeniacha."

Mama Mizani alizunguka kaunta, akatoka nje, akasimama mbele yake.

"Mwenyewe alikufa, shemeji. Mwenyewe ni mimi. Nenda ukainywe kwako."

 Kinyozi akakirudisha kifungulio mfukoni, akajipangusa suruali. "Haya, mwenyewe," akasema, akaondoka na chupa yake.

Nyuma yake ulikuja mstari wa watoto wa chekechea, wameshikana mikono, mwalimu mbele. Walipita barazani wote, wa mwisho akiburuza kidole ukutani. Mama Mizani alijibana mlangoni kuwapisha, akamwamkia mwalimu.