Pumzi za Maalim Gaudens

Asubuhi ile wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakifinyanga vikombe vya udongo, na mimi nilikuwa chumba cha jirani nikisomesha hesabu. Kupitia ukutani nilimsikia Maalim Gaudens akiimba. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara, mwimba besi wa kwaya ya Chake Chake, na alipoimba madirisha ya skuli yetu yalitikisika kidogo. Watoto walimpenda kwa hilo. Mimi pia.

Udongo wa kufinyangia aliuchimba mwenyewe Pujini, chini ya ukuta wa magofu. Sisi wenyeji hatuchukui kitu pale. Mwenye haja huweka ubani wake, akaenda zake. Gaudens aliyajua hayo, lakini udongo wa pale ni laini. Safari hii jembe lake lilikuwa limegonga sanamu.

Alinionesha kabla ya kengele. Kilikuwa kichwa cha mfalme, kadiri ya ngumi, cha shaba iliyokoza weusi. Kilemba kilisukwa uzi kwa uzi. Macho yamefumbwa, midomo imebanwa kama ya mtu anayezuia pumzi. Kisogoni palikuwa na alama ya dole gumba, jembamba kama la mwanamke.

"Fundi huyu aliiunda kwanza kwa nta," aliniambia. "Kidole chake kikaacha alama kwenye nta, shaba ikaifuata. Ila yeye ni nani, hakuna ajuaye."

"Irudishe," nilisema. "Au wapelekee watu wa mambo ya kale."

"Wataniuliza nilichimba nini magofuni. Ngoja kwanza watoto waione."

Akaiweka mezani mbele yao. Yumna, binti mdogo asiyeishiwa maswali, ndiye aliyeanza. Nilisikia kila neno kupitia matundu ya ukuta.

"Maalim, kaifanya nani?"

Hapo ndipo alipokosea. Alihofia maneno yafike majumbani, kwamba maalim kachukua kitu cha magofu.

"Mimi," alijibu. "Nimeifanya mimi."

Watoto wetu hupita chuo cha Kurani kabla ya skuli. Wanajua kwamba aliyeunda sura ya kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama aipulizie roho, naye hataweza.

"Sasa utaipa roho, Maalim?" Yumna aliuliza.

Gaudens alicheka. "Nitaipa, mwanangu. Pumzi ninazo nyingi."

Mchana huohuo alipanda ngazi za ofisi akasimama katikati, mkono kifuani.

"Besi, ushazeeka?" nilimtania. Alitabasamu, akaendelea kupanda polepole.

Jumapili alishindwa kumaliza ubeti. Daktari hakuona kasoro mapafuni. Siku zikapita, akawa hatoki kitandani. Ndipo mkewe, Severina, aliponijia nyumbani, akanong'ona mlangoni.

"Mwalimu, ile sanamu ina joto."

Nilifuatana naye. Sanamu ilikuwa dirishani, juani, kwa hiyo joto lake halikunishangaza. Niliihamishia kivulini. Kisha, sijui kwa nini, nikaweka kioo cha kujitazamia mbele ya uso wake.

Kioo kikaingia ukungu. Ukungu ukaondoka. Ukarudi.

Kila uliporudi, kifua cha Gaudens kitandani kilisita.

Nilimwita Bi Kazija, anayesomesha dini skulini kwetu. Hakuigusa. Alikaa karibu na mgonjwa.

"Weye ndo uloifanya?" alimwuliza kwa upole.

"Hapana, Bi Kazija. Nilidanganya."

"Basi mie usiniambie. Waambie ulowadanganya. Neno ulolisema mbele ya watu, hulifuta mbele ya watu haohao. Kisha tuirudishe Pujini. Ila fanya haraka, baba, ungali na sauti."

Asubuhi tulimsaidia kukongoja hadi darasani. Severina aliibeba sanamu ndani ya kanga, akaiweka mezani. Watoto wakasimama kumwamkia mwalimu wao.

Gaudens alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Alijaribu tena. Midomo ilisema. Sauti haikuwapo.

"Maalim," Yumna alinong'ona, "kanga inapanda."

Ilipanda. Ikashuka. Ikapanda.

Gaudens aliiona. Alichukua chaki, akaandika ubaoni: *Si mimi*. Akaanza neno la tatu. Chaki ikateleza, ikachora mstari mrefu kwenda chini.

Nilimlaza sakafuni. Nikamfungua shati. Nikaweka sikio kifuani. Kimya.

Nyuma yangu, mezani, mtu alivuta pumzi ndefu, kama wavutavyo waimbaji kabla ya ubeti.

Severina alisafirisha maiti ya mumewe kwao bara. Kabla ya kuondoka alikuja ofisini, ambako mwalimu mkuu alikuwa ameifungia sanamu katika kabati la vioo. Bi Kazija alitaka irudishwe Pujini, lakini hakupatikana wa kuibeba. Wa mambo ya kale waliahidi kuja. Hawajaja.

Nilimfungulia kabati, Severina akaitoa, akaigeuza. Alama ya dole jembamba kisogoni haikuwapo tena. Palikuwa na dole pana, limekatizwa na kovu. Akalipapasa kovu hilo taratibu. Mumewe alijikata dole gumba kwa panga utotoni, na nusu ya darasa la sita waliwahi kumwomba awaoneshe. Mwenye lile dole jembamba alikuwa nani, sijui. Wala sijui kama ndiye aliyeiunda, au naye aliulizwa tu, akajibu "mimi".

Aliirudisha kabatini. Midomo ya mfalme ilikuwa imeachana, upenyo wa kupitisha uzi.

"Mwalimu," alisema, "mlango huu msiufunge."

"Kwa nini, Bi Severina?"

"Atakosa hewa."

Basi tunauacha wazi kidogo. Kila asubuhi Yumna huja na kitambaa kufuta vioo vya kabati. Vya nje hufuta mwenyewe. Kisha huniita mimi, nimfutie ukungu wa ndani.