Chini ya Jukwaa

Haya yalimpata Ambrose Pask, mwigizaji mwenzangu katika jumba letu la michezo hapa Southwark. Alasiri ile alishuka kwenye giza la chini ya jukwaa, angoje zamu yake ya kuibuka kama mzimu. Alikuwa amefura kwa hasira, maana Rafe Colley, mwigizaji mwenzetu, alikuwa ameapa kumnyang'anya nafasi hiyo.

Kwetu kila mwigizaji hupewa karatasi yenye maneno yake tu, si ya wengine. Ya Ambrose yaliandikwa asubuhi ileile, na karatasi ilikuwa kifuani mwake.

Juu, watazamaji walikuwa wakipasua kokwa kwa meno na kuzomea. Ambrose akaanza kunong'ona maneno yake. Kando yake sauti nyingine ikayanong'ona pia, ikimtangulia kwa neno moja.

"Rafe, mwizi wee. Umeipekua karatasi yangu, siyo?"

Sauti ikaendelea, taratibu.

"Nyamaza, mbwa wewe, au leo nakung'oa meno."

Akarusha mkono gizani, akakamata mkono wa mtu, akaubana kwa nguvu zake zote. Papo hapo, juu ya mbao za jukwaa, sauti ya Rafe ikanguruma mbele ya umati: "Nani amelala chini ya miguu yangu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya Ambrose kutokeza. Hakutokeza. Mkono aliokuwa ameukamata uligeuka polepole, ukamshika na yeye.