Sidii za Harusi

Jumamosi nyumbani kwao ilikuwa siku ya kusugua. Sufuria haikurudi kabatini mpaka mama ajione uso ndani yake, na binti yake alikuwa hodari wa kazi hiyo hata nyumba nzima ikamwita Msasa. Naye jina hilo alilivaa kwa maringo.

Jumamosi moja baba alikuwa ameinamia kompyuta sebuleni, jasho likimtoka. Kesho yake bibi angekuja. Macho ya bibi hayakuona vizuri tena, ila masikio yalikuwa mazima, na aliomba kitu kimoja tu: asikie sauti ya marehemu babu akitoa nasaha kwenye harusi ya baba na mama. Baba mwenyewe ndiye aliyezihamishia picha za harusi ile kwenye sidii mbili. Nakala nyingine haikuwepo.

"Inazunguka, inakoroma, halafu inaitema," baba alilalamika. "Kompyuta hii imezeeka."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi wa kompyuta. Alipofika aliingiza sidii ya nyimbo, ikaimba bila tabu. Akaingiza ya harusi. Kimya!

"Kaka, usiisingizie kompyuta. Mgonjwa ni sidii." Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mh! Nani kaikwaruza hivi?"

Macho yote yakamgeukia mdogo wake Msasa, kwa kuwa aliwahi kuifanya sidii nyingine gurudumu la gari lake.

"Si mimi! Haki ya Mungu si mimi!"

"Leo mpirani huendi," mama alisema. Mtoto akaangua kilio.

Msasa alisimama mlangoni. Wiki iliyopita alizikuta sidii zile zimejaa vumbi na alama za vidole. Akazipeleka karoni pamoja na vyombo, akazisugua kwa dodoki na sabuni ya unga, akizungusha mkono mpaka zikametameta. Alitaka kusifiwa. Sasa akisema, bibi atamwonaje? Lakini kilio cha mdogo wake kilimchoma.

"Ni mimi, shangazi. Nilizisugua."

"Ulizifanya nini?"

"Nilizisugua. Kama sufuria."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiti. Baba hakucheka.

"Ulisugua upande gani?" shangazi aliuliza, akijifuta machozi.

"Huu unaong'aa tu. Ule wa maandishi niliogopa wino utatoka."

"Afadhali! Sauti na picha zimelala chini ya maandishi. Ungekwangua huko, kwisha habari. Huku juu maandishi yanaficha mikwaruzo; nilidhani zimeburutwa sakafuni pande zote, nikawa nimeshakata tamaa. Lete dawa ya meno na kitambaa laini."

Akamwonyesha: unapaka kidogo, unafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Ya pili akamwachia.

"Polepole wewe! Leo hilo jina lako liache mlangoni."

Zilipooshwa na kukaushwa, kompyuta ilikoroma, ikasitasita, kisha babu akatokea amesimama katikati ya wageni. Nyumba nzima ilipiga kelele. Shangazi alizinakili zote mbili papo hapo, na Msasa akamwomba radhi mdogo wake, aliyekuwa tayari anatafuta viatu vya mpira.

Kesho yake bibi aliketi karibu na spika, mikono magotini.

"Mwanangu," sauti ya babu ilisema, "siku ya kwanza mke wangu alinipikia mchuzi, chumvi tele! Nikaogopa kumuudhi. Nikamwambia ni mtamu... ni mtamu... ni mtamu..."

Ilikuwa imekwama. Msasa alifumba macho kwa aibu.

"...na tangu siku hiyo ananipikia vilevile!" bibi akamalizia, akicheka huku machozi yakimtiririka. "Maneno yake nayajua yote. Nilikuwa nataka sauti tu."

Msasa alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, bibi. Mimi ndiye niliyeziharibu."

"Nimeshaambiwa." Bibi alimshika kidevu. "Babu yako alificha neno dogo, akala chumvi miaka nenda miaka rudi, na mimi pikapika nikidhani anaipenda. Angesema siku ile ile, ningetia kidogo. Kosa likisemwa mapema, mjukuu wangu, hutibika. Wewe umesema, na leo nimemsikia mume wangu. Haya, hebu rudisheni nyuma, nimsikie tena."