Namba ya Shemeji
Gatini palikuwa na vurugu za abiria, wachukuzi na masanduku, lakini sauti ya mwongozaji wa watalii ilizishinda zote. Wanaoshuka kutembezwa mji wa kale wasimame wawili wawili, alisema, maana yeye huhesabu jozi tu na vichochoro vya mji huu vimeshampotezea watu. Wanandoa wakashikana mikono. Fundi mapazia akabaki kando na mkoba wake kwapani, ndani ya gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya safari hii, akitamani kurudi zake botini.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Wadogo zake, aliowalea tangu mama yao afariki, walikuwa wameshaoa na kuolewa wote hadi kitindamimba, wakachanga wakamkatia tiketi ya kwenda na kurudi. Tiketi moja. Hakuna aliyemuuliza kama angependa kusafiri na mtu, na kusema kweli, mtu mwenyewe hakuwepo.

"Naona mabaki ni mimi na wewe," mwanamume mmoja mrefu alimwambia. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooka kwa pasi, na kichwani alivaa kofia ya njano isiyoendana nalo hata kidogo. "Mimi fundi lifti. Safari yangu inaishia hapa, kesho naanza kazi. Leo sina pa kwenda."

"Fundi lifti atapandaje ngazi za ngome?"

"Ndiyo maana nataka mtu wa kunishika mkono."

Fundi mapazia alicheka bila kupenda. Alimwambia kofia ile ingefaa kutishia ndege, naye akaivua, akaitazama, akaivaa tena. Mwongozaji akawahesabu kuwa jozi ya mwisho.

Wakaona lango la mawe, kisima kilichokauka, na mizinga ambayo fundi lifti alisema imekaa kama wazee wanaosubiri pensheni. Akampiga picha kila kona. Akamuuliza juu ya mapazia, na fundi mapazia akajikuta anaeleza kwa mikono miwili jinsi madirisha yale ya matao yangemtoa jasho. Miaka mingi watu walimuuliza bei tu.

Ngazi za mnara wa ngome zilikuwa nyembamba na zenye giza. Fundi lifti alimshika mkono, na walipotokea juu kwenye mwanga hakuuachia. Mapaa ya mji yalikuwa chini yao, na boti yao nyeupe imetulia gatini. Mkono ule ulikuwa na joto, na hilo ndilo lililomtisha. Saa kumi boti ingeng'oa nanga, naye angerudi kwenye kitanda chake chembamba akiwa mpweke kuliko alivyoshuka. Akauchomoa mkono wake, akatoa simu ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, mume wangu," alisema. "Nimefika salama. Na mimi nimekukumbuka."

Fundi lifti alirudi nyuma hatua moja. Kuanzia hapo alimwita dada, akamwomba radhi kwa kumshika mkono, na utani wote ukamkauka mdomoni. Fundi mapazia alijilaumu njia nzima, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Walipofika mbele ya jengo la forodha ya zamani, akaombwa namba.

"Ya shemeji," fundi lifti alisema. "Picha nimtumie mwenyewe. Si vizuri mimi kukaa nazo."

Hakuwa na pa kutokea. Akampa namba ya laini yake ya pili, ile ya wateja.

Kamba za boti zilikuwa zinafunguliwa simu yake ilipoanza kutetemeka. Alikuwa peke yake sitaha ya nyuma. Picha ziliingia moja baada ya nyingine, kisha ujumbe: "Shemeji, salamu. Mkeo amenivumilia siku nzima, nashukuru. Mtu anayecheka hivi asiachwe kusafiri peke yake. Safari ijayo jitahidi uende naye. Picha zote ni zako, kwangu nimezifuta."

Machozi yalimtoka. Gati lilikuwa limeanza kusogea. Akapiga.

"Shemeji?"

"Hakuna shemeji. Hakuna mume. Ni mimi. Niliogopa, nikadanganya."

Honi ya boti ikalia, naye akaisikia juu ya kichwa chake na ndani ya simu pia.

"Bado uko gatini," alisema.

"Si nilikwambia sina pa kwenda."

Akaitafuta ile kofia katika umati, akaiona pembeni kabisa, karibu na maji.

"Umenikasirikia?"

"Nimefuta picha, wewe ndiyo huyo unaondoka, nimebaki na kofia uliyoicheka. Acha nikasirike kesho."

Sauti ilianza kukatika. Akamwambia haraka haraka kwamba boti itapita tena hapo Alhamisi, mchana.

"Una wa kushuka naye?"

"Sina."

"Basi mwambie mwongozaji asianze kuhesabu mpaka nifike."

Simu ikakata. Kule gatini kofia ilikuwa juu inapepea, ikawa nukta ya njano, kisha haikuonekana tena. Fundi mapazia alichagua picha aliyocheka kuliko zote, akamrudishia. Kiduara kikazunguka. Abiria wengine waliingia ndani kula, wawili wawili, yeye akabaki kwenye ukingo ameinyanyua simu juu ya kichwa, akiutafuta mtandao wa mji ule, mpaka picha ikaenda.