Gauni la Siku Tatu

Jumamosi saa tano asubuhi, katikati ya kivuko cha barabara kuu ambapo watu huvuka kana kwamba wanafukuzwa, mbwa mkubwa kuliko mbwa wote ambao Dobi aliwahi kuwaona aliuparamia mkokoteni wake na kujilaza juu ya shuka arobaini za hoteli. Shuka safi, zimepigwa pasi, zimefungwa kumi kumi. Mbwa akageuza shingo, akapiga miayo, akatulia.

"Wee! Nani mwenye farasi huyu?" Dobi alipiga ukelele.

"Mimi, dada yangu! Nisamehe!" Mwanamume alikuja mbio na kipande cha kamba iliyokatika mkononi, shati la buluu limechomoka upande mmoja, viatu vya mpira vimejaa tope. "Kontena! Teremka!"

"Anaitwa Kontena?"

"Wewe ungemwitaje?"

Dobi alitaka kununa, akashindwa. Taa ilikuwa imebadilika na madereva walipiga honi kwa hasira. Ikabidi wausukume mkokoteni wote wawili, bega kwa bega, mbwa kakaa juu anawatazama wapita njia.

Waliurudisha hadi kwenye duka la Dobi la kufulia, na yule bwana akakataa kuondoka. Alikunja mikono ya shati, akaziloweka upya shuka zote arobaini, akasuuza, akaanika. Dobi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, gauni lake la njano limenyooka tangu begani hadi pindoni, naye hakuwahi kumruhusu mtu kugusa kazi yake. Siku hiyo aliruhusu. Hata akamfundisha kukunja shuka zenye mpira kwenye kona, na jamaa akakosea mara sita mfululizo.

"Una mikono miwili ya kushoto," Dobi alimtania.

"Kwa mbwa inatosha. Mimi ni mlezi wao."

Ndipo akamweleza. Alifanya kazi kwenye kituo cha mbwa waliotupwa. Paa la kituo lilikuwa linabomolewa ili lijengwe upya, na kila mbwa alipaswa kupata nyumba ya kulelewa kwa wiki mbili. Wote walikwisha kupata, isipokuwa Kontena. Familia mbili zilimchukua zikamrudisha kwa sababu ya ukubwa wake. Waliobaki kumtaka wote walifuga paka, wakaogopa.

"Nikiweza kuwaonyesha kwamba anaishi na paka bila vita, atapata kwao," alisema Mlezi. "Nikishindwa, kuna bwana mwenye ghala anamtaka moja kwa moja. Atamfunga mnyororo mlangoni maisha yake yote. Kanipa hadi Jumapili ya wiki ijayo."

"Mimi nina paka," alisema Dobi. "Na sungura." Ulimi ulikuwa umemtangulia.

Kesho yake Kontena aliingia nyumbani kwa Dobi, na nyumba ikawa ndogo ghafla. Alikuwepo Madamu, paka wa kijivu mwenye maringo, na Karani, sungura mnene aliyepewa jina hilo kwa kutafuna karatasi. Mlezi hakuruhusu yeyote amwone mwenzake. Mbwa alipelekwa chumba cha pili na mlango ukafungwa. Blanketi lake likawekwa karibu na bakuli la Madamu, na taulo la Madamu likapelekwa kwa mbwa.

"Harufu kwanza, macho baadaye," alisema. "Wazoeane bila kuonana. Na blanketi hili, tafadhali, usilifue."

"Linanuka soksi!"

"Ndiyo salamu yake hiyo, mpenzi." Neno lilimtoka, akashtuka mwenyewe. Dobi alijifanya hajasikia, lakini moyo ulimpiga hadi akaogopa kwamba kifua kitamsema.

Kila jioni simu ililia.

"Habari za Kontena?"

"Hujambo kwanza."

"Sijambo. Habari za Kontena?"

"Na habari zangu je, wewe mwanamume?"

"Zako naogopa kuziuliza, nisije nikachelewa kulala."

Dobi alicheka peke yake sebuleni kama mwendawazimu. Jumatano Madamu alilalia kona ya blanketi. Alhamisi asubuhi alikwenda mwenyewe mlangoni, akaketi, na upande wa pili Kontena akapumua kwa nguvu chini ya mlango bila kubweka. Dobi alipiga simu akiwa anarukaruka.

"Nakuja jioni," alisema Mlezi. "Leo tunafungua mlango."

Sasa hapo ndipo Dobi alipojipalia makaa. Alitaka mgeni wake akute nyumba inang'aa. Alifua mapazia, akafua vitambaa vya viti, na miaka kumi na moja ya udobi ikampeleka mikono moja kwa moja kwenye lile blanketi. Alipozinduka lilikuwa limekwisha kupigwa pasi, linanukia maua. Na taulo la Madamu vilevile.

Akajikaza kisabuni, akanyamaza.

Mlango ulipofunguliwa, Madamu alivimba manyoya, akamfokea mbwa, akampiga makucha puani. Kontena alilia, akarudi nyuma kwa woga, akaangusha meza, kioo na banda la Karani. Paka akaishia juu ya kabati.

Mlezi aliinua blanketi, akalinusa. Uso wake ulibadilika.

"Nilikuomba jambo moja tu."

"Nilisahau, wallahi. Mikono yangu..."

"Kiumbe hai si shuka, Dobi. Huwezi kumfua ukamwanika, mambo yakaisha."

"Na mimi si banda!" Dobi alilipuka. "Niambie leo, umenipenda mimi, au umependa chumba changu cha pili?"

Mlezi alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akamfunga mbwa kamba, wakatoka.

Ule unyamavu ulimuumiza Dobi kuliko matusi. Alilia hadi macho yakavimba. Lakini kila alipofikiria mnyororo mlangoni mwa ghala, alipata hasira, na hasira ikamletea akili.

Ijumaa alivaa gauni jeupe, akambeba Madamu kifuani siku nzima alipokuwa nyumbani, akasafisha banda la Karani kwa pindo. Akalala nalo. Jumamosi akaenda nalo kazini. Jumapili pia lilikuwa mwilini, limejaa manyoya, lina doa la maziwa na majani ya sungura.

"Mama, kuna usalama?" mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alimuuliza Jumamosi ile huku akivuta furushi lake mbali kidogo.

"Upo, mwalimu. Ni mapenzi tu."

Jumapili saa nane mchana aligonga kwa Mlezi, chumba kimoja juu ya duka la vioo. Mlango ukafunguliwa.

"Dobi..." Mlezi alirudi hatua moja. "Unanuka."

"Najua. Usinichekeshe, nimepita mji mzima hivi."

Kontena alikuwa tayari amefika. Alilinusa gauni tangu pindoni hadi mkononi, polepole, akarudia. Kisha akashusha pumzi na kujilaza juu ya miguu ya Dobi. Mlezi alitazama, na machozi yakamlengalenga.

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

"Wewe, ambaye hupigi chafya bila leso iliyonyooka?" Alifuta macho. "Siku ile nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Ningesema nakupenda, ungedhani namtafutia mbwa nyumba. Nakupenda, Dobi. Nilikupenda pale uliponicheka mbele ya zile shuka."

"Kumbe mdomo unao! Haya, mfunge kamba. Twende kabla sijabadili nia."

Nyumbani, Dobi aliketi sakafuni, mbwa amelala kando ya goti lake, kamba mkononi mwa Mlezi. Madamu alishuka kabatini. Alinusa gauni, akanusa mkono wa Dobi, akanusa sikio la Kontena. Mbwa alifumba macho na kujikunyata, kana kwamba jitu lile lingeweza kuwa dogo. Madamu akazunguka mara mbili, akajikunja ubavuni pa mbwa, akaanza kuunguruma kwa raha. Karani aliendelea kutafuna risiti.

Dobi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili asipige kelele za furaha. Simu ya Mlezi ikalia. Alikuwa yule bwana wa ghala. Dobi aliinyakua.

"Shikamoo, mzee. Mbwa amepata kwao. Hapana, si kwa wiki mbili. Kwao kabisa. Asante, siku njema." Akakata.

Mlezi alimkodolea macho. "Kwao kabisa?"

"Ulitaka nimrudishe wapi?"

"Na mimi je?"

"Wewe umekatazwa kuingia?" Uso wa Dobi uliwaka, lakini hakuinamisha macho. "Unanioa, hunioi?"

Mlezi alipiga magoti palepale kwenye manyoya, akamshika mikono yote miwili.

"Nakuoa. Hata kesho nakuoa, kipenzi changu. Ila nakuomba, kwa heshima zote za wazazi wako, nenda kaoge."