Mlango Uliofungwa kwa Waya

Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia uwanja wao pale Miyuji, Anyesi aliosha Landrova ya baba yake. Aliiosha huku amenuna. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na Oktoba hiyo jua la Dodoma lilikuwa limeligeuza tanuri. Baba yake, Mzee Ebenezer, alilitumia kuwapeleka madaktari wa mifugo vijijini. Alipochoka kuokwa humo ndani, aliagiza milango mifupi ya kiangazi. Ilikuwa ya bomba jeusi, haina vioo, na kuanzia kiunoni kwenda juu ni wazi ili upepo upite.

Milango ilipofika, Anyesi akaanza kulionea gari fahari. Sasa kilichomuudhi ni fundi aliyeitwa kuifunga.

Fundi Hasani alikuwa Msandawe wa wilaya ya Chemba. Kandambili zake zilikuwa za rangi mbili tofauti, na Kiswahili alijifunza ukubwani.

"Shikamoo," Anyesi alimwamkia, midomo tu, macho kwingine.

"Marahaba, binti. Leta ile mlango ndogo."

"Ile mlango ndogo!" Anyesi alimnong'oneza mdogo wake, Joshua. "Hata Kiswahili kinamshinda, ataweza gari?"

Walicheka. Hasani alisikia, akainamia kazi yake. Aliiondoa milango ya zamani, akaichomeka mipya kwenye bawaba. Kisha akawa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, sikio amelitega kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Anyesi alisonya. Mtu gani huyu, kama hajawahi kuona mlango!

Alipofika mlango wa nyuma wa kushoto, Hasani aliuinua kwa mkono mmoja. Ukachomoka.

"Mzee, umeona? Pini ya kuzuia haipo. Kwenye boksi iko ya milango mitatu tu. Barabara ya mashimo itarusha hii. Nafunga waya, Jumatatu naleta pini. Waya isitoke."

Akauzungusha waya wa kufungia nondo kwenye bawaba, akaukaza kwa koleo. Ncha mbili zenye kutu zikabaki zimechomoza juu ya rangi nyeusi inayong'aa. Anyesi alizitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye maziwa. Kesho yake ilikuwa siku ya kanisa. Angelina, mwanafunzi mwenzake, angeona gari lao limefungwa kama mzigo wa kuni! Fundi alipoondoka, Anyesi alichukua koleo la baba yake, akaukata waya na kuutupa kwenye shimo la taka.

Jumapili walishika njia kwenda kanisani Makole. Mama yao, Emiliana, alikaa mbele, watoto nyuma, Joshua ameegemea mlango akifurahia upepo. Gari lilipotumbukia kwenye korongo dogo, mlango uliruka ukaanguka barabarani. Joshua akaning'inia nje nusu mwili, mkanda tu ndio uliomshika. Anyesi alimdaka shati, akamvuta ndani huku akipiga yowe. Bodaboda iliyokuwa nyuma iliyumba, ikaukwepa mlango kwa nafasi ndogo sana.

Hakuna aliyeumia. Lakini Mzee Ebenezer alishuka, akampigia Hasani simu.

"Wewe ni fundi au mkata kuni? Mwanangu nusura afe! Hata Kiswahili kinakushinda, utaweza gari?"

Anyesi alishtuka. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, na yakitoka kinywani mwa baba yake yalinuka.

"Mzee, mtoto mzima?" sauti ya Hasani ilisikika. "Na waya iko?"

"Iko wapi! Hakuna waya hapa!"

"Basi nakuja," Hasani alisema.

Anyesi angeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa tayari kuamini kwamba mjinga ni fundi. Anyesi alimtazama Joshua, aliyekuwa bado ameng'ang'ania mkono wake.

"Baba," alisema, "waya niliukata mimi. Niliona aibu."

Hasani alipofika, alimkagua Joshua kwanza, mlango baadaye. Mzee Ebenezer alivua kofia.

"Fundi, nimekutukana kwa kosa la nyumbani kwangu. Niwie radhi."

Anyesi alipiga magoti. "Nisamehe, fundi. Nilikudharau."

"Kunicheka mimi si kitu, binti," Hasani alisema. "Nachekwa tangu kijana, na ugali nakula. Lakini ile waya ilishika mdogo wako."

Jumatatu jioni alileta pini, akalinyoosha bomba lililopinda, na Anyesi akampokeza spana hadi mwisho bila kuambiwa. Fundi alipoondoka, Mama Emiliana alimketisha bintiye kando yake.

"Umefanya vyema kusema kweli kabla mwenzako hajaibeba aibu yako. Lakini shika na hili, mwanangu. Fundi mpime kwa kazi ya mikono yake, usimpime kwa ulimi wake wala viatu vyake. Dharau yako haikumpunguzia Hasani ufundi hata chembe. Wewe ndiye uliyeambiwa hatari iko wapi, ukashindwa kusikia."

Anyesi aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mama."