Shati la Kitenge Ufukweni Kigongo

— Modesta, nani alikutuma uirushe video ile kwenye grupu la wapangaji?

— Sikutumwa. Wala sikumtaja mtu. Niliuliza tu kama shati hilo mnalifahamu.

Prudencia na jirani yake Modesta walikuwa wanajibizana uwanjani, kwenye kamba ya kuanikia nguo, pale Mkuyuni, na asubuhi hiyo kila mpangaji alikuwa amejipatia kazi ya kufanya nje.

Video yenyewe ni sekunde kumi na moja. Kija, mpiga picha wa droni, alirekodi sherehe ya watu ufukweni Kigongo Jumamosi mchana, akaweka kipande status. Kwa jua lile juu ya maji, video ikaungua: ziwa jeupe, mchanga mweupe, watu kama wamemwagiwa unga. Ila pembeni, kwenye jiwe, mwanamume na mwanamke wameinamiana. Uso wa mwanamke hauonekani. Shati la mwanamume ni kitenge chenye ndege wa kijani, na aliyemshoneshea Masalu shati kama hilo ni mchumba wake, Prudencia. Naye Masalu aliaga kwamba Jumamosi yuko kazini Magu.

— Mashati yanafanana, Prudencia alisema.

— Sawa dada. Na mabega nayo yanafanana?

Prudencia akachukua simu. Kazi yake ni kuhariri video za harusi, kwa hiyo alimpigia Kija, akaomba faili la kwenye kadi ya droni, siyo lile la status lililobanwa mpaka likakauka. Kisha akamwandikia Masalu: "Saa saba njoo uchukue vitu vyako."

Jibu likaja: "Vitu gani? Nakuja."

Faili lilipofika, Modesta aliingia bila kukaribishwa, na nusu ya uwanja ikamfuata. Prudencia akashusha mwanga wa sehemu nyeupe, taratibu. Ziwa likarudi na rangi yake. Shati nalo likarudi, na ndege wake wa kijani. Ni lile lile, hata kifungo alichokibadilisha mwenyewe.

Uso wa mwanamke ukagoma.

— Kajificha, huyo, Modesta alisema.

— Hajajificha. Palipoungua hivi hakuna cha kurudisha.

Lakini mikono ilikuwa kwenye kivuli cha jiwe. Prudencia akaivuta karibu. Mwanamke ameshika kikapu kidogo cha kufuma. Masalu ameinama, amekinga viganja viwili.

— Anampa nini, karanga?

— Kahawa ya kutafuna, Prudencia alisema, sauti imemshuka.

Kwao Bukoba ndivyo mgeni anavyokaribishwa. Na mara mbili Masalu alikwenda kujitambulisha kwa Specioza, shangazi yake Prudencia, anayeishi Kigongo, na mara mbili kikapu hakikutolewa. Mama yule hakutaka mkwe wa Kisukuma, na bila yeye, kwa kuwa baba mtu amefariki, mahari haipokelewi.

Akapiga simu.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba.

— Jumamosi ulikuwa na nani ufukweni?

— Kakwambia? Nilimkataza.

— Hajaniambia. Nimeona mikono.

— Kaanika dagaa wangu tangu asubuhi, hajalalamika. Nilimwambia, ukijua kabla sijakwambia mwenyewe, mahari atatafuta mwingine wa kuipokea.

— Na umeamua?

— Kahawa umeiona au hukuiona?

Modesta alishauri apigiwe tena, safari hii kwa video, maana shangazi wa sauti tu hata yeye Modesta anaweza kujifanya. Hakuna aliyemsikiliza. Masalu alishafika, na begi tupu mkononi, amesimama mlangoni.

— Nimekuja. Nichukue vitu gani?

— Jumamosi ulikuwa wapi?

Masalu akatazama uwanja mzima uliokuwa unamtazama.

— Magu.

Shingo yake ilikuwa inabanduka ngozi kwa jua la kuanikia dagaa. Prudencia aliitazama kwa muda, kisha akafunga kompyuta.

— Huko Magu hawakukulisha?

— Nimetoka asubuhi, sijala kitu.

— Basi ingia ule. Na wewe Modesta, acha kusimama hapo, vuta sahani.